Kiti cha Jirani

Bibi Rumena alikuwa ameshapanga sahani zote mezani isipokuwa moja. Hiyo aliikumbatia kifuani, akasimama nayo katikati ya chumba kama mtu anayengoja kuulizwa. Hakuna aliyemwuliza. Mwanawe, Čeda, alikuwa uani akipasua kuni kwa hasira zisizo na mwenyewe, na mkwewe, Dušica, alikuwa jikoni akiparua magamba ya samaki, mikono imemwiva wekundu kwa maji baridi. Kesho ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yao tangu enzi za mababu, sikukuu ya ukoo wanayoiita Slava, na kwa kuwa siku hiyo huangukia ndani ya mfungo, nyama haikuingia mlangoni. Samaki wenyewe mwaka ule walikuwa ghali hata Dušica alimwomba muuzaji amkatie wa nusu, naye muuzaji akamcheka mbele ya watu: "Profesa mzima unafanya Slava kwa mkia?"

"Hii naiweka pale dirishani," Bibi Rumena akasema hatimaye. "Aone barabara."

"Weka, mama," Dušica akaitikia bila kugeuka.

Sahani ilikuwa ya Slađan, kitinda mimba wa bibi, aliyevishwa sare mwaka wa tisini na tisa akapelekwa kule chini, Kosovo, asirudi yeye wala mfupa wake. Kila Slava sahani yake huwekwa na kuondolewa safi. Kiti chake hakikaliwi hata wageni wakijaa wakasimama ukutani.

Čeda aliingia na kuni, akaona sahani, akazitupa kuni kando ya jiko. "Mama, watu wa serikali wamekuja mara ngapi? Ukubali tu aandikwe marehemu, utapata pensheni yake. Tungenunua kuni za maana, si huu uchafu unaotoa moshi."

"Pensheni ya Slađan?" Bibi akamtazama. "Unataka nimle mwanangu kila mwisho wa mwezi?"

Čeda akainama akaanza kuzipanga kuni. Kiwanda kilichomlea kilifungwa zamani, siku hizi alilinda magari ya watu kwenye maegesho, na aliyekuwa akiiendesha nyumba ile kwa mshahara wake ni Dušica. Jambo hilo halikusemwa, lakini liliketi nao mezani kila mlo.

Bibi Rumena alikuwa na ulimi. Kwa watu wa kule chini alikuwa na laana za asubuhi na laana za jioni, na mara nyingi alisema kwamba siku mmoja wao atakapovuka kizingiti chake atammwagia birika la maji ya moto. Dušica alimwamini. Alichokuwa hakitilii maanani ni jambo jingine la yule mama: kila dereva wa lori aliyesimama kwenye duka la jirani akitokea kusini, bibi alimfuata na fimbo yake na kumwuliza kama huko hajasikia habari za kijana mrefu, mwenye kovu la mkasi kidevuni. Madereva walishamzoea. Wengine walimdanganya kwa huruma, wengine wakapandisha kioo. Daktari wa moyo alimwambia Dušica pembeni kwamba matunda ya cheri ya mwaka ujao yakiiva, bibi huyo asitarajiwe kuyala. Basi Dušica alikuwa na nia moja tu: Slava hii ya mwisho ipite salama, mama mkwe aondoke duniani na roho iliyotulia.

Nia njema. Na nia njema, ndugu msomaji, imewahi kuchimba makaburi mengi.

*

Chuoni, Dušica alikuwa mtu mwingine. Alifundisha uhusiano wa kimataifa kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili, katika mpango wa pamoja wa vyuo kadhaa vya eneo hilo, ambapo wanafunzi huhama mji kila muhula. Muhula wa vuli ulikuwa wa Niš, mji wa Serbia alikoishi Dušica. Darasani mwake walikaa Mwangola na Msri Lanka, Mkazakhi na Mwarmenia, Mwazeri, Mserbia mmoja wa hapo hapo mjini aliyeitwa Ognjen, na Besarta, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Prishtina, huko Kosovo.

Sifa yake Dušica ilikuwa zoezi aliloliita kiti cha jirani. "Humu ndani hakuna anayesemea kwao," aliwaambia siku ya kwanza. "Kwenu wanakujua, hawana haja na kelele zako. Wewe utakaa kwenye kiti cha yule mnayegombana naye. Utasema maneno yake, hofu zake, hesabu zake, mpaka mtu wa kwao aseme: ndivyo tuonavyo. Asiposema hivyo, hujafaulu, hata ukinukuu vitabu vya maktaba nzima. Dunia haionekani kwa dirisha moja."

Na zoezi lilifanya kazi. Narine wa Armenia alisimama akayasema ya Azabajani, akakwama, akaanza upya, akakwama tena, mpaka Elçin, yule Mwazeri, aliyekuwa amekunja mikono, akafungua mdomo kwa shida: "Ndivyo tuonavyo." Wakatoka nje wakavuta sigara pamoja bila kusemeshana. Dušica aliyaona hayo dirishani akajisikia amezaliwa kwa sababu.

Lakini mganga hajigangi. Besarta na Ognjen aliwapa Mto Naili.

"Naili, Profesa?" Besarta alimfuata baada ya kipindi. Alikuwa msichana mpole, mwenye koti kubwa kuliko mwili. "Kila mtu umempa jirani yake. Mimi umenipa mto ambao sijawahi hata kuuona. Niiwakilishe Misri, na Ognjen awe Uhabeshi?"

"Ni mgogoro mzuri sana, Besarta. Una kila kitu ndani yake."

"Mimi na Ognjen tunao wa kwetu."

"Huo bado mbichi," Dušica akasema, akikusanya karatasi ambazo hazikuhitaji kukusanywa. "Mkuu wa kitivo hataki mambo. Nikiuleta huo hapa, kesho nitakuwa kwenye magazeti, na keshokutwa mpango wetu wote utafungwa. Nielewe."

Besarta alielewa. Alikuwa amekwisha kuelewa tangu wiki ya kwanza, pale bendera ndogo za mezani zilipopangwa kwa ajili ya picha ya mkuu wa kitivo. Kila mwanafunzi alikuwa na ya kwao. Mbele yake yeye, ambaye nchi yake Serbia haiitambui, kulikuwa na chombo cha maua. Aliyekiweka ni Dušica mwenyewe, kwa mikono yake, akajiambia kwamba maua nayo yanapendeza.

Labda ni aibu ya mambo hayo iliyomfanya, wiki moja kabla ya sikukuu, asimulie darasani habari ya Slava kwa moyo wote. Somo lilihusu mwenyeji na mgeni, jinsi mataifa yalivyojifunza adabu ya mabalozi kutoka kwenye nyumba za watu. "Sisi tuna msemo," alisema, "kwenye Slava hakuna mwaliko. Mlango unaachwa wazi. Anayekuja si mgeni wangu, ni mgeni wa mtakatifu, na hakuna mwenye ruhusa ya kumrudisha. Mwenye nyumba hakai siku hiyo, anasimama kutwa nzima akihudumia. Nyumbani kwangu ni Mtakatifu Nikola, mlinzi wa wasafiri. Baba mkwe wangu aliwahi kumlisha askari wa forodha aliyekuja kumkamata!"

Darasa likacheka. Wote waliandika mfano ule kama mfano. Besarta peke yake aliuchukua kama ulivyosemwa.

*

Besarta alipofika siku ya sikukuu, chumba kilikuwa kimejaa mvuke na watu. Toza, aliyesimamia ndoa ya Dušica na Čeda, alikuwa ameshapiga vikombe kadhaa vya rakija, pombe kali ya matunda, na shavu lake limeanza kung'aa. Mshumaa mrefu uliwaka katikati ya meza, kando ya mkate wa sikukuu. Čeda alikuwa wima kama desturi inavyotaka, taulo begani, akigawa supu ya samaki.

"Mama profesa huyo!" Toza alipiga kelele Dušica alipopita na sinia la maharage ya kuoka. "Anafundisha dunia nzima kupatana. Čeda, kwako lini? Mbona bado unalala kwenye kochi?"

"Nalala kwenye kochi kwa sababu jiko liko huko," Čeda akajibu, na wageni wakaangua kicheko.

Kengele ililia. Dušica akaenda kufungua akiwa bado na tabasamu la utani ule. Besarta alisimama kizingitini, theluji kwenye nywele, na kisanduku cha peremende kilichofungwa utepe.

"Heri ya Slava, Profesa," alisema. "Sikualikwa. Ndiyo maana nimekuja."

Alikuwa ameuandaa utani huo njia nzima, ilionekana. Nyuma yake, kupitia mlango uliofunguka nusu, sauti ya Bibi Rumena ilikuwa inauliza ni nani. Akamvuta binti ndani ya ujia mwembamba wa viatu na makoti, akaurudisha mlango wa chumbani.

"Besarta, mwanangu, nisikilize. Mama mkwe wangu ana moyo mbovu. Mwanawe alipotelea kwenu. Akisikia unakotoka... sijui. Leo wewe umetoka Jojia. Kule Kaukazi. Unaitwa Nino. Kwa saa moja tu, tafadhali. Useme Kiingereza, mimi nitatafsiri."

Besarta alikuwa ameinama kuvua kiatu kimoja. Akabaki hivyo hivyo, mguu mmoja na soksi, mmoja na kiatu.

"Hili ndilo zoezi?" akauliza taratibu.

Kulikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na Dušica aliiona. "Ndiyo," akasema. "Ndilo zoezi."

Binti akavua kiatu cha pili, akachagua malapa ya wageni kwenye rafu, akaingia.

"Huyu ni Nino," Dušica akatangaza kwa sauti ya juu mno. "Mwanafunzi wangu, ametoka Jojia!"

"Wa imani yetu!" Toza akafurahi. "Karibu, karibu! Mpeni ngano!"

Bibi Rumena mwenyewe aliinuka na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari na jozi, ambayo kila mgeni huonja kijiko kimoja kabla ya kukaa. Besarta akapokea kijiko, akasita, akala. Hakupiga ishara ya msalaba.

"Jojia hawajipigi msalaba siku hizi?" Toza akauliza.

"Ana haya," Dušica akajibu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini humchosha mwenye kuipita. Meza ilikuwa imejaa. Čeda alitazama huku na huku akitafuta stuli, na hapo Bibi Rumena akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akamshika yule binti kiwiko, akampeleka dirishani, akakivuta kile kiti.

"Mama!" Čeda akasema.

"Nini? Mtakatifu Nikola ni wa wasafiri. Huyu msafiri, na wangu msafiri. Labda na yeye leo kuna mama amemvutia kiti huko aliko." Akambonyeza bega. "Kaa, mwanangu. Kula."

Besarta alikaa mbele ya sahani ya Slađan, na bibi akamjazia samaki mpaka ukingoni. Dušica alisimama nyuma yao, mkalimani, mikono ikiwa imeshika mgongo wa kiti. Ilimjia kwamba angeweza kusema sasa hivi, hapa, na labda birika la maji ya moto lisingeinuliwa. Lakini Toza alikuwa ameshasimama na kikombe.

"Afya ya mwenye nyumba! Afya ya wageni! Na wale wa kule chini waliotumezea Slađan wetu, Mungu awakaushe, wasijue watoto wao wamelala wapi!"

"Amina," wakasema baadhi, wengine wakatazama sahani zao.

"Anasema afya ya wote," Dušica akamtafsiria Besarta sikioni. Uso wa binti ulikuwa umeshabadilika kabla ya tafsiri hiyo, lakini Dušica hakuliona hilo, maana alikuwa akimtazama Toza. Bibi Rumena ndiye aliyekuwa akimtazama binti.

Bibi alingoja kelele zirudi. Kisha akainama karibu. "Mwulize," akamwambia Dušica, "kwao nako kulikuwa na vita?"

Dušica akauliza. Besarta akaitikia kwa kichwa.

"Mwulize, kuna mtu wanayemngoja?"

Dušica aliuliza na hili, kwa sababu hakupata haraka swali jingine la kuweka mahali pake. Besarta aliweka uma chini. Akamtazama bibi, si Dušica, akajibu kwa Kiingereza polepole, kama mtu anayempa mwenzake chombo cha kuvunjika.

"Baba yangu. Walimtoa nyumbani nikiwa na miaka mitatu. Mama anakataa kuhama, nyumba inavuja, paa linaanguka, lakini anasema baba hana anwani nyingine. Akirudi atatupata wapi? Mwambie bibi hivyo. Mwambie najua kiti hiki ni cha nani."

Wageni walikuwa wakigonganisha vikombe. Bibi Rumena alikuwa ameinua uso wake, kinywa nusu wazi, akingoja.

"Anasemaje?"

"Anasema," Dušica akaitazama sahani, "anasema chakula ni kitamu."

Bibi aliendelea kumtazama binti kitambo. Kisha akampapasa mkono. "Kula basi, mwanangu. Kula."

Besarta alikula. Alimaliza samaki wote kwenye sahani ile, kipande kwa kipande, akichambua miiba na kuipanga ukingoni. Alipoaga, bibi alimfungia kipande cha mkate wa sikukuu ndani ya leso safi.

Ujiani, Dušica alimsaidia koti. "Nisamehe. Moyo wake usingestahimili. Wewe mwenyewe umeona, Toza na ulimi wake. Kwa bahati hukuelewa."

"Nilielewa yote, Profesa." Besarta alisema hivyo kwa Kiserbia, cha kukwaruza, lakini kilichonyooka. "Ninajifunza tangu Oktoba. Nilitaka leo niseme na watu wa nyumbani kwako kwa lugha yao. Nilitaka ushangae."

Akafunga vifungo, akateremka ngazi na mkate wake.

*

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa kabla ya mwaka mpya. Besarta alivaa suti ya kuazima, akaisemea Misri kwa muda mrefu bila kutazama karatasi: mashamba, kiu, mafuriko, woga wa mtu anayeishi mwisho wa mto. Mgeni wao, mhadhiri kutoka Kairo aliyekuwa akitazama kwa video, alivua miwani akaifuta. "Ndivyo tuonavyo," akasema. "Hasa." Darasa likapiga makofi. Dušica akampa alama ya juu kabisa, nayo ilikuwa haki yake, na mkuu wa kitivo akaja na mpiga picha.

Bendera zilipangwa. Chombo cha maua kikawekwa mahali pake. Besarta alikiinua, akakiweka chini ya meza, akapigwa picha akiwa na meza tupu mbele yake. Kisha akatoka. Alikuwa na basi la jioni, Ognjen alisema, na muhula ujao angekuwa mji mwingine. Dušica alijiambia atamwandikia. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku alipata kazi ya kufanya.

*

Baada ya Krismasi, ambayo kanisa lao huiadhimisha Januari, Bibi Rumena hakuinuka tena. Walimhamishia kwenye kochi la karibu na jiko, na Čeda akaenda kulala chumbani, jambo ambalo Toza alitaka kulitania akashindwa. Mchana mmoja Dušica alikuwa akimlisha supu. Bibi akasukuma kijiko.

"Yule mtoto hakuwa wa Jojia."

"Nani, mama?"

"Usinifanye mjinga, sijafa bado. Toza alipowalaani wale watu, uso wake ulianguka kabla hujafungua mdomo wako. Alisikia. Nami nimengoja uniambie. Nimengoja Krismasi nzima. Sasa sina muda wa kukungoja."

Dušica aliweka bakuli chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa pale pale kwenye kochi, kimefunikwa blanketi la sufi. "Ametoka Prishtina," akasema. "Anaitwa Besarta. Nilidhani utammwagia maji ya moto. Wewe mwenyewe umesema miaka yote, mama."

"Nimesema." Bibi alifumba macho. "Ningesema nini? Mdomo lazima ufanye kazi fulani." Akapumua kwa muda. "Nilimwuliza kama kuna wanayemngoja. Alijibu maneno marefu. Chakula hakina maneno marefu vile. Alisemaje?"

Dušica akamwambia. Baba, miaka mitatu, paa, anwani. Akamwambia na lile la kiti. Alitarajia laana, alitarajia kilio. Angeshukuru chochote kati ya hivyo. Bibi Rumena alilala akitazama dari lililosawijika kwa moshi wa kuni mbaya.

"Miaka yote nimewafuata madereva barabarani na fimbo," alisema mwishoni. "Watu wa kuuza vitunguu. Nikiwauliza wanacheka. Nikaletewa nyumbani kwangu mtu wa kule kule, mtoto wa mtu aliyepotea, nikamkalisha kwenye kiti cha mwanangu, nikamwekea samaki. Na ulimi wangu ulikuwa mkononi mwako wewe. Wewe unayewafundisha watu kusikilizana."

"Mama, nilitaka kukulinda."

"Nani alikwambia nataka kulindwa? Mpigie."

Simu iliita sana. Ilipopokelewa kulikuwa na kelele za mtaani, kisha mlango ukafungwa na kelele zikakatika.

"Besarta, ni mimi. Profesa Dušica."

Akajibu kwa upole uleule wa siku zote: "Leo natakiwa nitoke nchi gani, Profesa?"

Dušica akashika ukingo wa meza. "Mama mkwe wangu amejua. Anaumwa sana. Anaomba kuzungumza na wewe. Nitawatafsiria, neno kwa neno, nakuapia..."

"Hapana," Besarta akasema. "Wewe hapana. Nitasema mwenyewe nitakavyoweza."

Bibi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Lete hapa. Na wewe utoke, ufunge mlango."

Dušica akatoka, akaufunga. Akasimama ujiani baina ya makoti, mahali pale pale. Kupitia mbao alisikia sauti ya bibi ikipanda na kushuka, kisha kimya kirefu, kisha jina la Slađan likisemwa polepole na tena polepole, na neno kovu. Baadaye akasikia jina la mwanaume mwingine, Hamdi, ambalo bibi alilirudia mara kadhaa kama anayejifunza kulitamka vizuri. Mara moja akasikia kitu alichodhani ni kicheko. Hakuwa na hakika. Alilia bila kujifuta, maana alijua kwamba huko ndani kulikuwa na somo ambalo alilitafuta maisha yake yote, na hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Čeda alirudi kazini, viatu vimejaa theluji. "Mbona umesimama kama mwizi?"

"Mama anaongea na simu."

"Na nani?"

"Na binti kutoka Prishtina. Yule aliyekaa kwenye kiti cha Slađan."

Čeda alimtazama mkewe, akautazama mlango. Akavua kofia. Hakuuliza kitu kingine, naye akasimama hapo hapo, mabega yao yakigusana kwa ufinyu wa mahali, mpaka fimbo ya bibi ilipogonga sakafu kuwaita.

Jiko lilikuwa limezimika. Bibi Rumena alikuwa ameegemea mto, uso umelowa, simu tumboni. Dušica alipiga magoti kando ya kochi.

"Amesema nini, mama?"

Mama mkwe akamrudishia simu yake. Akamwangalia muda mrefu, bila hasira, kama anavyoangaliwa mtu wa kupita njia.

"Anasema chakula ni kitamu," akajibu, akageukia ukutani.